Harufu ya Bi Mkubwa

Kwa kampuni ya Nyayo Laini mgeni huogeshwa mara mbili. Asubuhi huogeshwa atokwe na harufu ya mjini kabla hajaingia porini, na alasiri huogeshwa atokwe na harufu ya porini kabla hajapandishwa basi kurudi mjini. Wageni wengi hulalamikia kule kuoga kwa asubuhi, kwa sababu maji ni ya baridi. Kule kwa alasiri hakuna anayekulalamikia wala kukufikiria.

"Wifi, hivi tumekuja matembezini au tumekuja kuoshwa maiti?" Shani aliuliza kutoka nyuma ya pazia, meno yakimgongana.

"Nyamaza wewe. Mwali gani huyu asiyetaka kusingwa?" Siwema alimjibu. Alikuwa amekunja mikono ya gauni lake, ndoo ya maji ya ndimu na majivu iko mbele yake.

"Mwali nilikuwa zamani. Sasa mimi mke wa watu."

"Mke wa watu mwenyewe unatetemeka kama kifaranga. Geuka nikusugue mgongo."

Utani huo walikuwa nao tangu Hamdu, kaka yake Siwema, alipomwoa Shani huko Pangani na kumleta Dar es Salaam, akamweka katika nyumba ya ghorofani, juu huko ambako hata kunguru hafiki. Siku hizo jiji lilikwisha kumeza mashamba yote na kuuvuka mto Ruvu, na dirisha la Shani lilitazamana na madirisha ya watu wengine tu. Ndoa ilikuwa bado mbichi, mume mwenyewe yuko kazini kutwa, na binti wa watu akawa anashinda sakafuni akitazama video za miti. Siwema akamwonea huruma. Akamwambia, vaa viatu vya kutembelea, Jumamosi nakupeleka kwa tembo wangu.

Alisema tembo wangu, na kwa namna fulani hakusema uongo. Siwema alizaliwa katika nyumba ya mafundi wa udi, watu ambao wakipita chumbani leo, kesho kutwa bado unajua walipita. Kampuni ilimwajiri kwa pua yake. Miaka ya nyuma tembo jike mkongwe wa pori la Lukenge, ambaye waongoza wageni walikuwa wakimwita Bi Mkubwa, aligongwa na lori la mizigo kwenye barabara kuu. Mzoga ukaondolewa kwa winchi upesi upesi ili magari yapite, kabla jamaa zake hawajafika kumwona. Tezi zake za panjani na za nyayoni zikapelekwa maabara, mashine ikazisoma, ikataja kila kilichomo. Lakini mashine haikujua kipi kitangulie na kipi kifuate, kipi kiwe kingi na kipi kidokezwe tu. Hilo lilimtaka Siwema. Alichanganya, akamwaga, akachanganya tena, mpaka siku walipompaka mfanyakazi mmoja na kumsimamisha porini peke yake. Tembo wakaja mbio kutoka kwenye vichaka, wakamzunguka, wakamlilia kwa furaha. Kwao wao mama amerudi.

Tangu siku hiyo ndiyo ikawa biashara. Kila safari mgeni mmoja hupakwa harufu ya Bi Mkubwa. Wengine hupakwa harufu ya kitoto, ya ndama anayenyonya, na tembo huwaacha wapite katikati ya miguu yao bila kuwagusa.

"Leo Bi Mkubwa ni wewe," Siwema alisema, akaizibua chupa ndogo.

"Mimi? Si nilisikia watu wanapiga kura?"

"Wanapiga. Mimi nimekuwekea wewe. Kuna faida gani ya kuwa na wifi fundi?"

Akampaka nyuma ya masikio, kwenye panja, kwenye viganja na kwenye nyayo. Shani akacheka kwa kutekenywa. Harufu ilikaa chumbani nzito, ya majani yaliyovunjwa na ngozi na kitu kingine kitamu kilichooza kidogo.

Sasa lipo jambo ambalo Siwema hakumwambia wifi yake, na mimi siwezi kuendelea bila ya kulisema. Mchanganyiko wa siku ile ulikuwa mpya. Ule wa zamani ulikuwa ukififia jua likipanda, na safari moja, miezi kadhaa nyuma, mama mmoja wa makamo ulimwisha katikati ya kundi. Tembo waliokuwa wakimbembeleza wakamnusa, wakaona mgeni, na kama si wepesi wa Mkude mwongoza wageni angekanyagwa. Kampuni ikamwambia Siwema, tia kitu kikae. Naye akatia utomvu mkavu wa sandarusi uliosagwa na zabadi, yale manukato ya ngawa, kama bibi zake walivyokuwa wakiufunga udi ili usitoke nguoni. Akaupaka kwenye kipande cha kitambaa, akakinusa kila siku, na kila siku ulikuwapo. Alifurahi kupita kiasi. Fundi wa udi hajiulizi hata siku moja harufu itatokaje. Hujiuliza itakaaje. Basi Siwema hakujaribu kuutoa, na kwenye ngozi ya mtu hakuujaribu kabisa.

*

Tembo walikuja kabla basi halijazimwa.

Kwa kawaida, Mkude aliwaeleza wageni, mtatembea kidogo, mtakaa kwenye kivuli, mtakunywa chai, na wenyewe watakuja taratibu. Mkude alikuwa Mluguru mrefu, mpole, mwenye kofia iliyopauka na sauti ya mtu aliyezoea kunong'ona. Hakumaliza maelezo yake. Vumbi liliinuka ng'ambo ya uwanda, likaja moja kwa moja, na ndani yake mikonga imeinuliwa juu.

"Teremka, dada," alimwambia Shani. "Teremka wewe kwanza, simama hapo. Haraka. Wengine msiteremke."

Shani akateremka. Siwema, aliyekuwa amejipaka harufu ya kitoto, akamfuata kwa nyuma, kwa sababu alikwisha kumwahidi Hamdu kuwa hatamwacha mkewe hata hatua moja.

Wa kwanza kufika alikuwa Chausiku, binti mkubwa wa Bi Mkubwa, jike lenye sikio lililochanika. Alisimama ghafla mbele ya Shani, akanyoosha mkonga, akaitia ncha yake mdomoni kwa yule msichana, taratibu, kama wafanyavyo ndama kwa mama zao. Kisha akanguruma. Mngurumo wenyewe haukusikika vizuri masikioni, uliingia kifuani. Michirizi myeusi ikamtoka panjani. Wengine wakaja, wakubwa kwa wadogo, wakasukumana ili kila mmoja apate kumgusa, na Shani akawa katikati yao anacheka huku machozi yanamtiririka.

"Wifi! Wifi, wananipenda!"

"Nakuona, mama!" Siwema alimjibu kwa sauti. Alitamani Hamdu angekuwapo.

Wageni walipiga picha kutoka madirishani. Mkude peke yake hakufurahi. Aliwatazama tembo kwa muda mrefu, akamsogelea Siwema.

"Bi Siwema, mmetia nini humo?"

"Ni ile ile. Imetiwa nguvu kidogo tu."

"Hawa walikuwa upande wa pili wa kilima. Mimi mwenyewe niliwaacha huko alfajiri." Akavua kofia, akaivaa tena. "Na hebu watazame. Hawali."

Kweli hawakuwa wakila. Kwa siku za kawaida, wakishamsalimu mama yao wakaridhika, walitawanyika wakachuma majani, na wageni wakapata raha yao ya kutembea kati yao. Siku ile walijipanga nyuma ya Shani. Shani akipiga hatua kulia, wote wanapiga hatua kulia. Akisimama, wanasimama. Siwema alipokaribia ndipo alipoona mbavu zao, na ngozi ilivyoning'inia mapajani. Mvua za vuli zilikuwa hazijanyesha, na za masika kabla yake zilikuwa za manyunyu tu.

Chausiku akamwekea Shani paji la uso mgongoni, akamsukuma.

"Jamani, ananipeleka wapi huyu?"

"Mfuate," Mkude alisema. "Usikimbie, usimgeukie. Tupo nyuma yako."

Wakampeleka. Walishuka naye mpaka kwenye mto uliokauka, kitanda cha mchanga mweupe kilichochimbwa mashimo kila mahali, mashimo mafupi ya kukata tamaa, mengine yana damu kavu pembeni. Hapo wakasimama. Wakamwachia nafasi katikati ya mchanga, wakamzunguka, wakangoja. Kimya kilikuwa cha watu walio msikitini. Ndama mmoja, mdogo kuliko wote, alikuja akaegemea mguu wa Shani kwa sababu hakuwa na nguvu ya kusimama mwenyewe.

Shani hakuwa akicheka tena. "Kaka Mkude, wanataka nini?"

Mkude aliyaonyesha mashimo kwa kidole. "Bi Mkubwa ndiye aliyekuwa akijua pa kuchimba. Mwaka wa ukame anawaleta hapa, ananusa, anachagua mahali, anachimba, maji yanatoka. Hawa wengine hakuwahi kuwafundisha. Alikufa wakati mvua bado nyingi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kila safari, wakishakula, wanamleta mgeni hapa. Sisi tulidhani wanafuata kivuli. Harufu ilikuwa ikiisha hapa hapa, wanaondoka zao." Akamtazama Siwema. "Leo haiishi."

Shani aliwatazama wale tembo mmoja mmoja. Kisha, Mungu amrehemu kwa moyo aliokuwa nao, akapiga magoti, akaanza kuchimba kwa mikono. Tembo wote wakarudi nyuma hatua moja, kwa heshima. Alichimba mpaka kucha zikamvunjika. Mchanga ulikuwa mkavu juu na mkavu chini. Alipoinuka na kujifuta uso, hakuna aliyemkasirikia. Walisubiri tu achague mahali pengine.

"Niondoeni hapa," alisema kwa sauti ndogo. "Wifi, niondoe hapa, naona haya."

*

Kituo cha kuogea kilikuwa ndani ya uzio wa umeme, na mlango wake wa porini ni kichochoro cha nguzo za chuma anachopita mtu na tembo asipite. Shani alipita. Tembo waliomfuata kutoka mtoni wakabaki nje, wakajipanga kwenye uzio, na basi la wageni likaingia kwa lango la upande wa barabara.

Siwema akamwingiza bafuni, akawasha bomba. Nje kulikuwa na tangi kubwa lililoinuliwa juu ya nguzo, ambalo gari la maji hulijaza kila wiki kwa ajili ya kuwaogesha wageni. Alimsugua kwa ndimu na majivu. Akamnusa. Akamsugua tena, sasa kwa dodoki. Akamnusa nyuma ya masikio, kwenye panja, kiganjani. Akabadilisha maji.

Kwa nje ukasikika mlio wa cheche, halafu yowe la tembo. Kimya kidogo. Kisha mlio wa cheche tena.

"Nini hicho?"

"Chausiku anagusa uzio," Mkude aliita kutoka nyuma ya ukuta. "Unampiga, anarudi. Dada, umekwisha kuoga?"

"Bado kidogo!" Siwema alipaza sauti.  Yeye mwenyewe alikwisha kujimwagia ndoo moja, na ile harufu ya kitoto ikamtoka yote, hata chembe haikubaki. Ya Shani haikupungua. Ilikuwa kama maji ya moto yanaiamsha. Siwema akashika dodoki kwa mikono miwili, akasugua bega la wifi yake kwa nguvu zake zote, na ngozi ikawa nyekundu, na bado akasugua.

"Wifi, unaniumiza."

"Vumilia."

"Wifi, damu inatoka." Shani akamshika mkono. Alikuwa na macho makubwa, na yalikuwa yamemkazia. "Siku ya singo, kabla ya harusi yangu, ulinishika kama yai. Leo unanichuna. Kuna nini?"

Siwema alikuwa na maneno tayari. Angeweza kusema sabuni haikutosha, au ndimu zilikuwa mbichi, au tukifika nyumbani itatoka kwa maji ya moto. Alifungua mdomo ayaseme. Nje cheche zikalia, na safari hii yowe lilikuwa la ndama.

"Haitoki," alisema.

"Haitoki leo?"

"Nimeifunga. Nimetia sandarusi ishike, isije ikakuisha katikati yao ukakanyagwa. Sikujaribu kuitoa. Na kile kitambaa changu cha kujaribia, yule binti wa nyumbani alikichukua kwa makosa akakichemsha pamoja na mashuka. Kilipokauka nikakinusa, na harufu ilikuwapo vile vile. Unajua nilifanya nini? Nilipiga vigelegele, Shani. Peke yangu jikoni nikapiga vigelegele."

Shani alizima bomba. Alichukua khanga, akajifunga kifuani, akatoka nje.

Mkude alikuwa amesimama karibu na tangi, ameshika kidude cheusi kidogo. Alikuwa amesikia yote, maana ukuta wa bafu ulikuwa wa mabati. Uso wake ulikuwa umesawijika.

"Kama haitoki, basi sina njia nyingine," alisema, na alisema bila kumtazama yeyote.

"Hicho ni nini?" Shani aliuliza.

Akamweleza. Kila tembo wa Lukenge alikuwa na kifuko kidogo cha dawa kilichozikwa shingoni, na kidude kile kikibonyezwa mara mbili vifuko vyote hupasuka kwa pamoja. Ilikuwa sharti la serikali, mgeni akiwa hatarini. Tembo anaanguka, analala, anaamka baadaye kichwa kikimuuma.

"Tembo aliyeshiba ndiye anayeamka," Mkude alisema. "Hawa waliokonda hivi, wakianguka kifudifudi mapafu hayataweza kuwabeba. Hataamka hata mmoja. Lakini uzio huu hauna muda, na nyuma yetu ni barabara, na nyuma ya barabara ni nyumba za watu. Basi likiondoka na wewe ndani yake, watalifuata mpaka mjini. Sasa niambieni mnataka nifanye nini."

Uzio ulikuwa umekwisha kulalia ndani. Nguzo mbili zilipinda. Chausiku alikuwa na alama nyeusi za kuungua kwenye mkonga, na alikuwa akiunyoosha tena.

Siwema alimshika Mkude mkono. "Subiri. Nitatafuta njia. Nina mafuta maabara, nina spiriti, nipe mpaka kesho..."

"Kesho hawa watakuwa Kariakoo, Bi Siwema!"

"Zima umeme," Shani alisema.

Wote wawili wakageuka.

"Zima umeme, kaka Mkude. Wanaungua." Alikwenda mwenyewe mpaka kwenye uzio, khanga imemgandia mwilini kwa maji, miguu mitupu. "Na maji haya niliyoogeshwa yanatoka wapi? Si kwenye tangi hilo? Wanayasikia kutoka huko nje tangu niingie bafuni. Mnanimwagia mimi maji mbele yao, mnitoe harufu ya mama yao, na wao wanakufa kwa kiu! Nyie ni watu wa namna gani?"

Mkude alikuwa na kidole juu ya kidude. 

"Waache wanywe kwanza," Shani alisema. "Mengine baadaye. Waache wanywe."

Mkude akazima umeme. Kisha akaenda chini ya tangi, akafungua koki kubwa ya kusafishia, na maji yakatoka kwa kishindo, yakachimba vumbi, yakatiririka chini ya uzio na kufanya dimbwi jekundu miguuni mwa tembo.

Hawakunywa.

Walisimama na maji yamewafika nyayoni, mikonga imening'inia, midomo imekauka mpaka imepasuka, na hakuna aliyeinama. Ndama mdogo alitia mkonga wake. Chausiku akamwondoa kwa upole. Wote walikuwa wakimtazama Shani.

"Wana nini?" Siwema alinong'ona. "Mbona hawanywi?"

"Mama ndiye anayeonja kwanza," Mkude alisema. "Maji mapya hawayagusi mpaka mama ayaonje."

Shani alisikia. Akasimama kidogo, mkono kwenye uzio uliolala. Kisha akapita kwenye kichochoro cha nguzo, akaingia kwenye lile dimbwi, akapiga magoti katikati ya miguu yao. Akainamisha kichwa, akanywa. Maji yalikuwa na mchanga, yakamshinda, akakohoa, akanywa tena ili waone.

Ndipo walipoinama. Sauti ya unywaji wao ilikuwa ya mvua inayoanza kwenye mabati. Hata wageni ndani ya basi hawakupiga picha tena. Siwema alijikuta analia kwa kwikwi, na alijiona hana hata haki ya kulia.

Tangi lilikwisha upesi. Lilikuwa la kuogeshea watu, si la kunyweshea tembo. Walipomaliza hata lile tope, waligeuka mmoja mmoja, wakaelekeza vichwa porini, wakasimama. Walikuwa wamejipanga nyuma ya Shani tena. Sasa walikuwa wamethibitishiwa: mama anajua maji yalipo.

"Wifi," Shani aliita bila kugeuka. "Inakaa muda gani?"

"Sijui."

"Kwenye kitambaa."

"Nilikipaka kabla ya Ramadhani. Sasa hivi watu wanajiandaa na Maulidi na bado kinanukia. Kwenye ngozi sijui, Shani. Wallahi sijui."

Shani alitikisa kichwa pole pole. Bega lake moja lilikuwa na damu pale Siwema alipomsugua. Siwema akapita mbio kwenye kichochoro amfikie, amfunike, amshike. Hakufika. Chausiku aligeuka, akatandaza masikio, akapiga kelele moja iliyomrudisha Siwema kwenye nguzo akiwa hana pumzi. Harufu ya kitoto alikwisha kuiosha. Kwao sasa alikuwa mtu tu.

"Usije," Shani alisema. "Watakuua. Kaka Mkude, gari la maji linaweza kuletwa mpaka mtoni?"

"Nikipigana nao ofisini, linaweza."

"Basi kapigane nao. Nitawapeleka huko wakae, wasiivuke barabara. Likija moja, wataniamini siku moja." Akamgeukia Siwema. "Na wewe wifi, ukipata dawa ya kuitoa, uje. Kama huna, usije kunitazama."

Akaanza kutembea. Tembo wakafungana kumzunguka, na mara hakuonekana tena isipokuwa rangi ya khanga katikati ya miguu ya kijivu, inayopotea na kutokea.

Mkude alimwekea Siwema kile kidude mkononi. Hakumwuliza. "Mimi nimewaona hawa wakizaliwa," alisema. "Wewe ndiye uliyewaambia mama yao yu hai. Kama ni kubonyeza, bonyeza wewe."

Siwema alikitazama. Kilikuwa chepesi kupita alivyodhania, na bado kina joto la mkono wa Mkude. Wakianguka sasa hivi wangemwangukia Shani. Wakiachwa, wangekwenda naye. Aliwafuata kwa macho mpaka vumbi likawafunika, na upepo ulipogeuka ukamletea ile harufu aliyoitengeneza kwa mikono yake, nzito, kamili, haina kasoro hata moja.

Akakiweka kidude juu ya mchanga. Akatoa simu, akatafuta jina la kaka yake. Hamdu alipokea kwa furaha, nyuma yake sufuria zinalia, akauliza kama wamekwisha kuondoka porini, maana chakula anakipika mwenyewe leo, na mwambie Shani nimetia nazi kama kwao.

"Kaka," Siwema alisema, "zima jiko kwanza, ukae kitako. Kuna jambo nimemfanyia mkeo."